Nyasi Juu ya Bati

Mabati ishirini na manne, geji thelathini,
ya kibali, yaliyopanda Tukuyu kwa lori la mkoa
mwaka ule ambao hata sabuni ilikuwa ya foleni.
Ambakisye aliyalipa kwa mguu.
Ndivyo walivyosema kilabuni, nami nilicheka,
kwani kifuta jasho alikipata, na mguu wa kulia
aliuacha huko ng'ambo ya Kagera,
kwenye udongo ambao hakuupanda hata mgomba mmoja.

Mimi ndiye niliyeyapigilia.
Siku tatu juu ya kenchi, misumari mdomoni,
na kila nilipoinua nyundo
yeye alichukua gongo lake akashuka migombani.
Nikadhani ni maringo. Mtu wa pensheni.

Mvua sikuihesabu.
Huku kwetu Rungwe mvua haipigi hodi;
huja Novemba ikasahau kuondoka.

Mwezi wa tatu Tulinagwe alinijia alfajiri,
kanga imelowa hadi magotini.
"Fundi, kashushe bati."
Nikauliza linavuja wapi.
"Halivuji."
Nikauliza kama wana deni.
"Hatudaiwi. Lishushe."
Nikamcheka. Kijiji kizima tulimcheka:
watu wanauza ndama wapate bati mbili za jikoni,
huyu anataka kurudi kwenye nyasi na panya wake!

Kisha usiku mmoja, natoka Kiwira,
ikanikuta mvua ya mawe, kwanza kama maharage,
halafu kama mayai ya njiwa.
Nikakimbilia kwao. Mlango haukuwa na komeo.
Sikuwahi kuingia ndani ya ngoma inayopigwa.
Bati langu lilikuwa linapasuka, linanguruma, linapasuka,
na chini ya kitanda Ambakisye
amelikumbatia gongo, ncha imeelekea mlangoni, kwangu,
anaita majina.
Mwita. Sajini Komba. Mwita tena.
Hakuna aliyeitika ila mkewe,
aliyelala sakafuni kando ya kitanda,
ameushika ule mguu uliobaki,
na kwa kila jina alisema, "Yupo. Tulia, yupo."

Nyundo ilikuwa kiunoni mwangu.
Niliionea aibu.

Hatukulishusha. Bati lililokwisha kutobolewa
nani atalinunua?
Tukalivika.
Nyasi ndefu za mteremkoni, matita themanini na kitu.
Wa kwanza kuleta alikuwa Bibi Tupokigwe,
aliyecheka kuliko wote; alitua mzigo uani
akaondoka bila kusalimu.
Ambakisye alikaa chini, gongo kando,
akifunga matita kwa fundo nisilolijua.
"La jeshini?" nikamwuliza.
"La baba yangu," akasema. "La jeshini halishiki nyasi."
Hayo ndiyo maneno marefu aliyoniambia mwaka ule.

Sisemi alipona.
Mei alilala usiku mmoja hadi jua likagusa kizingiti,
na usiku wa pili hakulala kabisa.
Ngoma ya mchakamchaka ya shule ilimrudisha njiani.
Sokoni alifika mara mbili; mara ya tatu
pikipiki ya bwana shamba ilikohoa, akageuka.
Na mguu usiokuwepo uliendelea kumwasha:
Tulinagwe akaukuna hewani, pale pale ulipopaswa kuwa,
wakacheka wawili hao hadi chai ikamwagika.

Lakini adabu mpya iliingia kijijini,
pasipo mkutano, pasipo balozi kupiga filimbi.
Mwenye kupasua kuni husema kwanza.
Mwenye kutwanga husema.
Hata leo, nikiwa juu ya paa la jirani yake yeyote,
natoa misumari mdomoni, nageukia migombani, naita:
"Ambakisye, napiga!"
Na nasubiri.
Mwenye nyumba anaguna, mawingu yanashuka mlimani,
mkono umeanza kuchoka hewani, nasubiri
hadi sauti itoke kwenye majani:

"Piga."